Herufi moja iliyotugharimu kalenda 800: namna ya kuendesha mkutano wa timu na kuandika kumbukumbu zake

Jumatatu ya tarehe 18 Novemba 2024 niliandika sentensi hii kwenye daftari letu la mikutano: "Ilikubaliwa kwamba sikukuu zote zihakikishwe kabla ya kuchapa." Niliiandika kwa mwandiko mzuri, nikaipigia mstari chini. Siku tisa baadaye mteja alirudisha kalenda 800 za ukutani za mwaka 2025, akazibwaga juu ya kaunta bila salamu, akaweka kidole kwenye mwezi wa Oktoba. Tarehe 10 tulikuwa tumeandika Siku ya Utamaduni. Hapa Kenya, zamani tarehe hiyo ilikuwa Siku ya Moi, baadaye ikaitwa Utamaduni, na mwaka huo wa 2024 sheria ilikuwa imeigeuza kuwa Siku ya Mazingira. Msanifu alikuwa amechukua faili ya mwaka uliotangulia akapanga siku upya, majina ya sikukuu akayaacha yalivyokuwa.

Nani alitakiwa kuhakikisha? Nilifungua daftari nikasoma sentensi yangu mara tatu. Zihakikishwe. Na nani? Msanifu alidhani ni mimi. Mimi nilidhani ni fundi wa mashine. Fundi naye akasema yeye huchapa anacholetewa. Na kila mmoja alikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa maana ile "w" iliyokaa karibu na mwisho wa kitenzi ilikuwa imemmeza mtu.

Tulichapa stika ndogo 800, tukakaa watu sita mpaka saa nne usiku tukizibandika moja moja juu ya tarehe 10 Oktoba. Mvua ilikuwa inanyesha, nauli ya Kayole imepanda maradufu, na Mzee, mwenye karakana yetu, akailipa kutoka mfukoni mwake huku amenyamaza, jambo lililotuuma kuliko kama angefoka. Tangu usiku ule nimebadilisha namna ninavyoandaa mikutano yetu, na hayo ndiyo nitakayokueleza.

Mimi ni karani katika karakana ya uchapishaji, orofa ya tatu, River Road. Kwetu ni Likoni. Nairobi nililetwa na ndoa. Tuko watu tisa: Mzee mwenye karakana, wasanifu wawili, fundi wa mashine ya ofseti na msaidizi wake, mama wa kukunja na kushona vitabu, dada wa mapokezi, kijana wa pikipiki, na mimi. Tunakutana kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kabla spika za wauza dawa za panya hazijawashwa kule chini, tunamaliza saa mbili na robo.

Kabla ya kuita mkutano

Piga hesabu. Watu tisa kwa dakika 45 ni karibu saa saba za kazi, yaani umechukua siku nzima ya mfanyakazi mmoja ukaimwaga mezani pamoja na chai. Kama unachotaka ni kutangaza tu, kwamba Ijumaa hakuna stima au mteja fulani amehamisha ofisi, andika kwenye kundi la WhatsApp yaishe. Kama jambo linawahusu wawili, waite wawili. Mkutano wa wote ni wa mambo ambayo lazima yaamuliwe na watu ambao kazi zao zinagusana.

Kisha andika ajenda, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ajenda yangu ya zamani ilikuwa hivi: sala, kusomwa kwa kumbukumbu, karatasi, mashine, wateja, mengineyo. Mtu akisoma "karatasi" atajiandaa kwa lipi? Basi kila mmoja anakuja na karatasi yake kichwani: mmoja analalamikia bei, mwingine panya wa stoo, wa tatu anakumbuka rimu zilizolowa mwaka juzi. Siku hizi kila kipengele nakiandika kama swali ambalo jibu lake ni uamuzi:

Tununue rimu ngapi za karatasi ya gramu 80 kabla shule hazijafunguliwa Januari? (Fundi ataeleza, dakika 12)

Mashine ndogo inavuja wino: tumwite fundi wa nje sasa, au tuivumilie mpaka kazi za Desemba ziishe? (Msaidizi wa fundi, dakika 10)

Mteja ambaye hajalipa kazi ya Septemba analeta kazi mpya. Tuipokee? (Dada wa mapokezi, dakika 8)

Ukiandika hivyo, fundi atahesabu rimu zake Ijumaa jioni badala ya kukuambia Jumatatu kwamba "ziko kama nyingi hivi". Kila swali lina mtu wa kulifungua na dakika zake. Jumlisha dakika hizo; zikizidi muda wa mkutano, toa kitu. Maswali manne yanatutosha. Lile gumu liwe la kwanza baada ya yatokanayo, yaani kufuatilia kazi za mkutano uliopita, watu wakiwa bado na akili ya asubuhi.

Vipengele navikusanya Ijumaa mchana nikipita meza kwa meza, maana ukiuliza kwenye kundi la simu utapata vidole gumba tu. Saa kumi jioni ajenda inakuwa imetumwa, na nakala moja imebandikwa mlangoni kwa ajili ya mama wa kushona vitabu, ambaye simu yake ni ya vibonyezo.

Neno kuhusu saa. Andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno. Usiandike "saa 2", wala "8:00" peke yake. Jiji hili lina watu wanaosema saa kwa Kiswahili na kuisoma kwa Kiingereza, na katikati ya hizo lugha mbili kuna saa sita zinazoweza kupotea. Niliwahi kumwandikia muuza wino "tukutane saa 2", akaja saa nane mchana akiwa mchangamfu kabisa, sisi tukiwa tumeshamngoja hata tumesahau tulichotaka kumuuliza.

Kufungua, na kungojana

Anzeni kwa wakati hata kama mko watano. Akidi yetu, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni watu watano kati ya tisa, mradi mhusika wa kipengele awepo. Asipokuwepo, kipengele chake kinasogezwa. Bunge la Taifa lenyewe, lenye wabunge 349 na Spika wao, Katiba inaliruhusu kuendelea likiwa na 50. Mvua ya Aprili ikinyesha na Jogoo Road ikajifunga, hakuna ajenda itakayoifungua. Anayechelewa anaingia taratibu, anakaa, na hakuna kurudia yaliyopita kwa ajili yake. Atayasoma.

Sala iwepo kama ndiyo desturi yenu, ila zungusheni wa kuomba na mwambieni mapema. Mama wetu wa vitabu akipewa nafasi bila onyo huwaombea hata mawaziri, wizara kwa wizara.

Nani aongoze, nani aseme kwanza

Mzee alikuwa mwenyekiti wa kila mkutano kwa miaka. Akiuliza, "Mnaonaje?" baada ya kueleza anavyoona yeye, mlitegemea nini? Sisi tumelelewa hatumkatizi mkubwa mbele za watu. Kijana wa pikipiki alikuwa anajibu kila wiki jibu lile lile: "Vile Mzee amesema ni sawa."

Nilimwendea Mzee faraghani, mkutano ukiwa umeisha na chai imebaki. Nikamwambia, "Mzee, samahani, naomba Jumatatu ijayo useme wa mwisho." Alinitazama kwa muda. "Kwa hivyo mimi nitakuwa nikifanya nini?" Nikamjibu atakuwa anasikiliza, na uamuzi bado ni wake. Akakubali kwa majaribio.

Jumatatu iliyofuata swali lilikuwa saa ya kupeleka mizigo Industrial Area. Mwenyekiti wa siku hiyo, msanifu mmoja, akaanza na mdogo kuliko wote. Kijana akajikuna shingo, akasema, "Mimi naona tuwe tunatoka mapema. Nikitoka saa moja na nusu, saa mbili na nusu nimesharudi. Nikitoka saa tatu, kuna malori yameziba, narudi saa saba na mteja amenitukana." Alikuwa amelijua hilo mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kumuuliza kabla Mzee hajasema.

Basi uenyekiti tunauzungusha, anayesema kwanza ni mdogo kwa umri au kwa cheo, na Mzee anafunga. Mwenyekiti na katibu wasiwe mtu mmoja: huwezi kuzuia watu wasipigane kwa maneno huku umeinamia daftari. Kazi ya mwenyekiti ni kuangalia saa na kusema "hilo tuliandike pembeni" mtu anapochepuka. Nina ukurasa wa nyuma kwa ajili hiyo, na ninaufungua kila Ijumaa ninapokusanya ajenda.

Mengineyo ni shimo. Jambo la dakika mbili linaingizwa hapo watu wameshasimama, linazaa ugomvi wa nusu saa. Kanuni yetu: mwenye mengineyo alitaje mwanzoni kabla ya kipengele cha kwanza, la sivyo lingoje wiki ijayo.

Na msimjadili mtu. Kosa la mfanyakazi halina nafasi kwenye mkutano wa timu, hata kama wote mnalijua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze kwanza sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayemchagua mwenyewe, na amsikilize. Hicho ni kikao cha namna yake. Ukianza kukiendesha mbele ya watu wanane na mandazi, umemwaibisha mtu, na umejiharibia kesi.

Kumbukumbu zenyewe

Sura ya kumbukumbu wengi wetu tuliifundishwa kwenye insha shuleni na bado ni nzuri: kichwa chenye jina la kikundi, mahali, tarehe na saa; waliohudhuria; waliotuma udhuru; waliokosa bila udhuru; ajenda; kisha kila jambo na nambari yake, KUMB 1, KUMB 2, mpaka kufungwa; na mwisho nafasi ya saini ya mwenyekiti na katibu. Sina ugomvi na sura hiyo. Ugomvi wangu ni na vitenzi.

Kiswahili kina adabu ya kumficha mtendaji. "Ilipendekezwa", "ilionekana", "ikasisitizwa", "ifanyiwe kazi". Inasikika rasmi, haimgusi mtu, na ndiyo maana tunaipenda. Iache ibaki pale isipodhuru, kwa mfano mkutano ulifunguliwa saa ngapi. Lakini penye kazi ya kufanywa, tafuta hiyo "w" uing'oe, umrudishe mtu mahali pake. "Sikukuu zihakikishwe" inakuwa "Karani atahakikisha sikukuu."

Mwenziwe ni "tu-" ya mwanzo. "Tutafuatilia suala la wino." Sisi kina nani? Nimeona "tutafuatilia" moja ikikaa kwenye daftari miezi minne, inanakiliwa tu kutoka Jumatatu hadi Jumatatu. Kila ukiandika "tuta-", simamisha mkutano uulize, "Nani?" Jibu liwe mtu mmoja. Ukiandika wawili kila mmoja atamngoja mwenzake. Kama kazi ni kubwa, andika mmoja, "akisaidiwa na" wa pili.

Maneno "haraka iwezekanavyo", "wiki hii" na "kesho" nayo yatoe. Kesho ya nani, ya aliyesoma Jumatano? Andika siku, tarehe na saa. Na siku hiyo usiipange wewe. Mwulize mhusika, "Sema mwenyewe siku." Akisema Alhamisi, ni Alhamisi yake.

Usiandike maongezi. Hakuna atakayefungua daftari mwezi wa tatu kutaka kujua nani alisema nini kwa hasira kuhusu chai. Andika uamuzi, na sababu yake kwa mstari mmoja, maana baada ya miezi miwili mtu atauliza kwa nini mlinunua rimu 60 na sio 40. Kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu, kamili. Mtu akiomba pingamizi lake liingie, liingize kwa maneno yake. Kabla ya kuhamia kipengele kinachofuata, soma kwa sauti ulichoandika. Hapo ndipo utasikia, "La, mimi sikusema Alhamisi." Afadhali alikane akiwa mbele yako.

Wengine hurekodi kwa simu. Ombeni ruhusa kwanza, na hata hivyo sijaona mtu aliyekaa kusikiliza dakika 45 za watu wakinywa chai.

Mimi huandika kwenye kaunta buku yenye mistari, nikiwa nimechora safu tatu upande wa kulia wa kila ukurasa: nani, nini, lini. Maelezo yanakaa kushoto. Nikikosea, napiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, naweka herufi za jina langu pembeni. Hakuna kufuta kwa wino mweupe, wala kuchana ukurasa.

Lugha pia niseme. Zamani kumbukumbu zetu zilikuwa za Kiingereza, kwa kuwa ofisi nyingi za Nairobi hufanya hivyo, na fundi wetu alikuwa anatia saini bila kusoma. Mkutano unaendeshwa kwa Kiswahili, utani ni wa Kiswahili, halafu uamuzi unavishwa suti. Katiba, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nilipobadilisha, fundi alinirudishia kumbukumbu za kwanza zikiwa na masahihisho matatu. Yote matatu alikuwa sahihi.

Usidhani haya ni ya ofisini tu. Chama chetu cha akina mama tulipobadilisha viongozi, benki ilitaka kumbukumbu ndipo ibadilishe waweka saini wa akaunti. Tuliandika kwamba "viongozi wapya walichaguliwa kwa amani na upendo". Karani wa benki akasoma, akageuza karatasi kuangalia nyuma, akauliza, "Majina yako wapi, Mama?" Hayakuwepo. Tulirudi nyumbani, tukaita kikao kingine, tukaandika majina kamili na nambari za vitambulisho, aliyependekeza na aliyeunga mkono, ndipo tukapokewa. Safari mbili za matatu na siku mbili za biashara zilipotea.

Baada ya kikao

Tuma kumbukumbu siku hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana. Ukingoja Alhamisi, kila mtu ameshajitungia mkutano wake. Kwenye kundi naweka kwanza zile safu tatu peke yake, kwa kuwa ndizo zinazosomwa. Kumbukumbu nzima inafuata kwa anayetaka.

Jumatatu inayofuata zinathibitishwa, zinatiwa saini kila ukurasa, na tunaingia yatokanayo. Nasoma jina na kazi, mhusika anajibu kwa moja ya majibu matatu: imekwisha, bado, imekwama. Akisema bado, ataje tarehe mpya. Akisema imekwama, mwenyekiti anauliza imekwama wapi, na anayeweza kuikwamua anajitaja. Hotuba haziruhusiwi. Jambo likiwa "bado" mara tatu linapandishwa kuwa swali la ajenda, kwani mara nyingi kinachokosekana ni fedha au ruhusa, na mhusika anaona haya kusema. Wiki za kwanza watu walihisi kama wanahojiwa polisi. Nikaanza kusoma za kwangu kwanza, pamoja na zile ambazo sikuzifanya.

Nakuachia mfano mmoja kutoka daftari letu, wa Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025:

"KUMB 3/11/2025: SIKUKUU KWENYE KALENDA ZA 2026. Karani atalinganisha kila sikukuu na orodha iliyo katika Sheria ya Sikukuu za Umma pamoja na mabadiliko yake, na atatia saini kwenye nakala ya kwanza, kufikia Alhamisi tarehe 6 Novemba saa kumi jioni. Kwenye tarehe za Idi ataongeza maneno 'kutegemea kuandama kwa mwezi'. Fundi wa mashine hataweka pleti ya kuchapia kabla ya kuiona saini hiyo. Sababu: kosa la mwaka 2024."

Alhamisi hiyo saa tisa na nusu fundi alikuja mpaka mezani kwangu, mikono imejaa wino, akasimama bila kusema kitu. Nilimpa nakala. Akaishika kwa ncha za vidole, akatafuta Oktoba kwanza, akasoma tarehe 10 kwa sauti, kisha akaigeuza kuangalia saini.